Ganda la tairi la semi liko mbele, nyuma unavuta tela la kulala: unapita juu au unakwepa?

#1 Mvuta Tela wa Goba

Habari wakuu.

Naomba tulijadili hili, hasa wanaovuta kitu nyuma ya gari: tela la kulala, la boti, la jenereta, lolote. Barabara ya Morogoro kuanzia Kibaha hadi Chalinze haikosi maganda ya tairi za semi. Likibanduka, unakuta ukanda mzima wa mpira umelala katikati ya njia, nyaya zimechomoza pembeni, na mbele yako kuna lori linakuzuia kuona hadi dakika ya mwisho.

Msimamo wangu ni huu: ukiwa na tela, usikwepe. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani uelekee mbele, pita juu. Gari likiwa peke yake unaweza kulipeleka kulia na kulirudisha kushoto likakusikiliza. Tela linachelewa. Wewe umeshanyooka, lenyewe ndiyo kwanza linaanza kwenda kulia, na hapo ndipo linapoanza kupiga mkia.

Shemeji yangu anavuta boti, anapinga kabisa. Anasema ganda lenye nyaya linaweza kung'oa vitu chini ya tela na ukajuta. Tumebishana hadi chai imepoa. Nani yuko sahihi?

Langu ni la ekseli moja, navuta na Prado.

#2 Dada wa Maili Moja

Naweka kambi hapa. Nakaa Kibaha na hayo maganda nayaona kila asubuhi. Tatizo ni hizi tairi za kufufua, zilizokwisha meno zikabandikwa mpira mpya juu. Zingepigwa marufuku tungepumzika.

#3 Mpira Mweusi

Dada #2, si kweli kwamba ni za kufufua peke yake. Nafanya kazi ya tairi. Tairi mpya nayo ikikimbizwa na upepo mdogo na mzigo mzito, joto linapanda, tabaka zinaachiana, ganda linatoka. Kinachoua tairi ni joto, na joto linaletwa na upepo mdogo, mzigo uliozidi na mwendo. Iliyofufuliwa vizuri na kujazwa upepo sawasawa inatembea tu.

Ukitaka kuamini, lisogelee ganda lililotupwa pembeni ulitazame. Mara nyingi utakuta limetoka na nyaya za chuma, maana yake tairi lenyewe limeachana kwa ndani. Lingekuwa limebanduka pale lilipogandishwa tu, ungekuta mpira mtupu.

#4 Dereva Mstaafu

Salaam. Nimeendesha semi Dar hadi Tunduma na Dar hadi Rusumo, sasa nimepumzika.

Kijana wa #1, swali lako ni zuri ila linakuja kwa kuchelewa. Ukifika mahali unachagua kati ya kupita juu na kukwepa, ujue kosa lilishafanyika nyuma: ulikuwa umemkaribia mno aliye mbele. Kwenye 80 gari linatembea mita 22 kila sekunde. Binadamu anaona, anaelewa, anapeleka mguu kwenye breki. Sekunde moja na nusu imekwenda, mita 33 zimeliwa na gari halijaanza hata kupungua. Ukiwa mita 20 nyuma ya lori, huna cha kuchagua.

Tulivyofundishwa sisi: tazama nguzo au mti pembeni. Lori la mbele likiupita, anza kuhesabu taratibu. Gari dogo likiwa tupu, sekunde 3. Ukiwa na tela, 5 au zaidi. Mvua ikinyesha, ongeza tena. Ukiwa na nafasi hiyo, ganda utaliona likiwa mbali, utapunguza bila kishindo na utalipita pembeni ukiwa kwenye 40. Ubishi wenu na shemeji unakosa kazi.

#5 Noah ya Mbezi

Mzee wangu, heshima kwako. Ila ukiacha sekunde 5 kwenye barabara hii, zinaingia Noah tatu na basi moja!

#6 Dereva Mstaafu

#5, zikiingia, toa mguu, urudi nyuma tena. Kila inayoingia unapoteza sekunde chache tu. Kutoka Mbezi hadi Chalinze hazifiki dakika 10 hata ukiingiliwa na mji mzima.

#7 Noah ya Mbezi

Sawa mzee. Nitajitahidi nisiwe mmojawapo wa wanaoingia.

#8 Fundi wa Tabata

Mimi niko upande wa shemeji, kwa sababu ya ninavyovikuta gereji.

Watu wanapima kwa macho ya dereva. Dereva anaona gari lake liko juu, anasema ganda litapita katikati ya magurudumu. Tela lake je? Matela mengi ya kulala, hasa yaliyotoka Ulaya, yako chini kuliko Prado. Chini ya sakafu kuna bomba la maji machafu, kuna waya wa taa, kuna waya au fimbo ya breki, mengine yana tangi la maji huko huko. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: magurudumu ya gari ndiyo yanayolinyanyua ganda. Lilikuwa limelala chini, gari likilikanyaga pembeni linasimama, na linapokea tela likiwa limesimama wima.

Niliwahi kuletewa tela waya wa chuma wa tairi umejizungusha kwenye ekseli, umekaza, umekata waya wa breki ya upande mmoja. Mwenyewe hakujua. Alilileta kwa sababu taa za nyuma zilikuwa zinawaka na kuzima. Tulikaa na koleo karibu saa nzima kuutoa, unakatwa kipande kwa kipande.

Kwa hiyo: ganda jembamba lililolala bapa, na tela lako liko juu, pita. Lililojikunja, usipite. Jiwe, chuma, spana, kipande cha springi, usijaribu kukipitisha katikati hata siku moja.

#9 Boti Kunduchi

Shemeji mwenyewe huyu hapa, nimeitwa.

Nashukuru fundi #8. Mvuta Tela ameniwekea maneno mdomoni. Mimi sikusema ukate kona. Nilisema uhame. Kuhama ni hivi: umepunguza kwanza kwa mstari ulionyooka, umetazama vioo, umeona pembeni kuna nafasi, ndipo unasogeza usukani kidogo sana, kiasi cha upana wa ganda, unakaa hapo hadi tela nalo limepita, halafu unarudi taratibu vile vile. Anayeviringisha usukani kwenye 90 huyo anakwepa, na hapo nakubaliana na Mvuta Tela kabisa kwamba tela litamlaza.

#10 Mvuta Tela wa Goba

Shemeji umebadilisha gia angani, lakini sawa.

Hata hivyo nauliza: kutoka Kibaha kwenda Chalinze ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Zile njia nane za kutoka Dar ziliishia Kibaha. Pembeni unahamia wapi? Kulia kuna basi linakuja, kushoto bega la barabara lina ukingo uliokatika, gurudumu la tela likishuka hapo kulipandisha ni kazi nyingine. Kwa barabara ile mimi bado napita juu.

#11 Mama wa Kambi

Habari zenu. Sisi familia yetu tunapenda kwenda Mikumi na Iringa na tela. Nichangie kisa changu.

Karibu na Mikese, gunia la mkaa lilidondoka kwenye lori lililokuwa mbele. Nilikuwa mbali kidogo, nikasogea kulia polepole, nikalipita, nikarudi. Sikuviringisha. Lakini niliporudi kushoto tela likaanza kupiga mkia, kulia, kushoto, kila mara likienda mbali zaidi. Gari zima linatikiswa, watoto nyuma wamenyamaza. Nilitoa mguu kwenye mafuta, sikugusa breki ya mguu, nikashika usukani katikati bila kufukuzana nalo. Mwendo ulipopungua likatulia lenyewe.

Nilivyojua mimi nilifanya yote kama #9 anavyosema. Kwa nini lilicheza?

#12 Fundi wa Tabata

Dada pole sana. Ulichofanya ndicho chenyewe. Ungefukuzana nalo kwa usukani ungelizidishia.

Sababu, mimi naanza na mzigo. Uliweka nini nyuma kabisa? Watu wanafunga baiskeli, jenereta na dumu za maji mkiani mwa tela kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Uzito ukikaa nyuma, shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayoliunganisha na gari, inakuwa nyepesi, inaning'inia badala ya kukandamiza ile gololi ya chuma nyuma ya gari inayolivuta tela. Wamarekani wanasema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela ikae kwenye gololi. Tela la kilo 1,200 likandamize kilo 120 hadi 180. Wazungu wa Ulaya wanatumia kidogo kuliko hapo kwa sababu magari na matela yao yameundwa tofauti, kwa hiyo soma kibandiko cha tela lako na kitabu cha gari. Lakini kanuni ya mizigo ni ile ile: vizito chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mkiani weka magodoro.

#13 Mpira Mweusi

Fundi yuko sawa ila ameruka tairi. Mama wa Kambi, tela lako linakaa uani miezi mingapi bila kutembea? Tairi za tela haziishi meno, zinaisha umri. Unaziona zina meno yote, kumbe ubavu umekauka na una nyufa. Upepo ukipungua ubavu unalegea, tela linaogelea. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ya hivyo mimi singeipeleka Mikumi hata kama inang'aa.

Na upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukipima Chalinze saa nane mchana, kipimo kinakudanganya.

#14 Noah ya Mbezi

Mi nadhani ni mabasi. Dada, hakuna basi lililokupita wakati ule? Basi likikupita kwa kasi, upepo wa mbele yake unasukuma mkia wa tela kushoto, halafu linapomaliza kupita linauvuta kulia. Hata Noah yangu tupu naisikia.

#15 Mama wa Kambi

#14, ni kweli lori lilikuwa linakuja upande wa pili tulipopishana. Sikulifikiria hilo.
#12, nyuma kulikuwa na jenereta na maji. Fundi umenipata.
#13, tairi ni za tangu tulinunue. Nitazitazama.

Sasa ni ipi kati ya hizo tatu?

#16 Boti Kunduchi

Ongeza ya nne: beringi. Sisi wa boti tunazijua. Unashusha boti baharini, magurudumu yametoka kutembea, habu (kitovu cha gurudumu) ni ya moto, inaingia kwenye maji ya chumvi baridi, hewa ya ndani inasinyaa, maji yanavutwa ndani kupita sili. Baada ya muda grisi imegeuka rangi ya maziwa na beringi zinalia. Gurudumu lenye mchezo halitulii.

Kwa tela la kulala ni rahisi: inua kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, fungua. Na ukiwa safarini, kila unaposimama, sogeza kiganja karibu na habu bila kuigusa kwanza. Ya upande mmoja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, hiyo ndiyo inayokuita.

#17 Mzee wa Moto

Mnazunguka sana. Tela likianza kupiga mkia, dawa yake ni moja: ongeza mafuta. Ukilivuta kwa nguvu linanyooka. Nimevuta matela ya mizigo Buguruni hadi Ifakara na sijawahi kulala mtaroni.

#18 Mwalimu wa Fizikia

Mzee #17, shikamoo. Kwa heshima yote, naomba kupinga.

Ni kweli ukikanyaga mafuta shingo inavutwa na kwa sekunde moja unaweza kuona limenyooka. Lakini kila tela lina mwendo ambao chini yake likitikiswa linatulia lenyewe, na juu yake kila mtikisiko unazaa mkubwa zaidi. Likianza kupiga mkia maana yake umeufikia huo mwendo au umeukaribia. Ukiongeza, unazidi kuingia ndani. Na nguvu iliyomo kwenye gari inakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 100 umeongeza mwendo kwa robo, lakini nguvu ya kuzimwa na breki imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kingine: njia ya mbele ikiisha je? Ukikutana na tuta au kona ukiwa unaongeza?

#19 Mzee wa Moto

Marahaba mwalimu. Hesabu zako nazikubali, ila macho yangu yameliona likinyooka.

#20 Dereva Mstaafu

Mzee mwenzangu #19, liliponyooka huenda ulikuwa kwenye mwinuko. Kwenye kupanda, tela linakuvuta nyuma lenyewe na linanyooka. Jaribio hilo hilo ulifanye ukiteremka Kitonga halafu uje utusimulie.

#21 Mzee wa Moto

Kitonga sikutania nayo. Gia ndogo juu kabisa kabla ya kuanza kushuka, na breki naigusa kwa vipindi. Hapo hatubishani.

#22 Kijana wa Ilala

Hivi mbona hamjataja breki za tela zenyewe? Mjomba wangu ana tela la Kimarekani, ndani ya gari amefungiwa kiboksi chenye kiswichi. Likianza kucheza anabonyeza, tela linashika breki peke yake, gari halishiki. Linanyooka papo hapo.

#23 Fundi wa Tabata

#22, umeleta kitu muhimu, na kiko tofauti kwa kila tela. La Kimarekani breki zake ni za umeme, bila kiboksi hicho ni tela lisilo na breki. Watu wanalinunua, wanafunga taa tu, wanaingia barabarani. La Ulaya lina breki za kusukumana: ukipunguza mwendo tela linasukuma shingo, shingo inaingia ndani, inavuta waya, breki zinashika. Hilo halina kiswichi, kwa hiyo ujanja wa mjomba hautumiki. Na hilo la pili ukipunguza ghafla likiwa limekaa upande, linaweza kusukuma mkia wa gari. Ndiyo maana dada #11 alifanya vizuri kutoa mguu tu.

Halafu ule waya mwembamba wa usalama unaovuta breki tela likichomoka: usiuzungushe kwenye gololi yenyewe. Ufunge kwenye bodi ya gari. Gololi ikitoka, unataka waya ubaki kwenye gari.

#24 Boti Kunduchi

Kuhusu gololi, jamani pimeni. Za Ulaya na Afrika Kusini ni milimita 50. Za Kimarekani ziko za inchi 2 na nyingine za inchi 1 na 7/8, hii ya pili haifiki milimita 48. Kikombe cha shingo kinachoifunika gololi, kikiwa cha milimita 50 na kikikaa juu ya hiyo ndogo, kinafunga vizuri, kinatembea lami vizuri, kinakutana na tuta la Mlandizi kinaruka. Kwa macho huwezi kutofautisha, nunua kipimo au nenda na tela dukani.

Na minyororo ya usalama ipishanishwe chini ya shingo, wa kulia uende kushoto. Kikombe kikiruka, shingo inadakwa na minyororo badala ya kuchimba lami.

#25 Dada wa Maili Moja

Nimesoma yote, nimejifunza mno. Nirudi kwenye vitu vilivyoko barabarani. Hakuna aliyetaja matawi na mawe. Mimi nikiona matawi mabichi yamepangwa njiani sijui nifanye nini.

#26 Dereva Mstaafu

Mwanangu, matawi si uchafu, ni taarifa. Lori limeharibika mbele, utingo amekata matawi akayapanga, la kwanza mbali, la pili karibu, la tatu linakaribia gari. Ukiona tawi la kwanza mguu utoke kwenye mafuta pale pale, hata kama lori hulioni, maana huenda liko nyuma ya kona au limezima taa. Sheria inataka pembetatu mbili, lakini usiku wa Mikese pembetatu huibwa, tawi halina mwizi.

Mawe ndiyo dhambi. Gari linawekewa mawe nyuma ya magurudumu lisirudi. Likipona, dereva anawasha, anaondoka, mawe yanabaki njiani. Saa mbili usiku jiwe la rangi ya lami hulioni. Niliwafundisha mautingo wote niliofanya nao kazi: mawe yanatoka barabarani kwanza, gari linawashwa baadaye. Kuna waliosikia.

Ndiyo maana nasema mwenye tela asitembee usiku. Taa zako zinamulika umbali fulani, na tela limekuongezea umbali wa kusimama. Vitu hivyo viwili vikipishana umekwisha.

#27 Kijana wa Ilala

Na ukiliona jiwe, unasimama ulitoe? Kibinadamu naona vibaya kuliacha.

#28 Mama wa Kambi

Na mimi nauliza hilo hilo. Mume wangu hushuka. Mimi napiga kelele asishuke.

Halafu nina jambo jingine kuhusu kusimama. Tela letu lilitoka Ujerumani, mlango uko kulia, kwa sababu wao wanaendesha kulia na mlango wao unafungukia nje ya barabara. Kwetu tukisimama kushoto, mlango unafungukia barabarani, malori yanapita hapo hapo. Mtoto wangu wa pili alifungua akiwa na kikombe cha uji mkononi, basi likapita, kikombe kikachukuliwa na upepo. Tangu siku hiyo ni marufuku kuingia ndani ya tela tukiwa pembeni ya barabara. Tunasubiri kituo cha mafuta. Wanaotaka kuagiza, tafuteni la Uingereza au Afrika Kusini, mlango uko kushoto.

#29 Mvuta Tela wa Goba

#28, nimetoka nje kutazama langu sasa hivi. Liko kushoto, alhamdulillah.

Nimefuata pia alichosema fundi #12. Nimepima uzito wa shingo kwa mizani ya kujipimia mwili. Inaishia kilo 150, nikaogopa kuivunja, nikatumia ubao: tofali upande mmoja, mizani upande wa pili, shingo nikaikalisha kwenye theluthi ya kwanza kutoka kwenye tofali. Mizani inabeba theluthi tu, unazidisha kwa 3. Imesoma 22, maana yake 66. Tela likiwa na vitu vyote ni kama kilo 1,100. Nimehamisha betri ya akiba na sanduku la vifaa kutoka nyuma kuja mbele ya ekseli, ikapanda hadi 35, yaani 105.

Nikalipeleka hadi Bunju na kurudi. Linafuata tofauti kabisa. Basi likipita nasikia mguso mmoja tu, halafu kimya.

#30 Fundi wa Tabata

Safi sana. Hakikisha gololi na kitabu cha Prado vinaruhusu hizo 105, na shingo ikae sambamba na ardhi. Ikiinama au ikinyanyuka, ulichopima uani sicho unachotembea nacho.

#31 Boti Kunduchi

Kwa hiyo shemeji, tela lako lilikuwa linapiga mkia kwa sababu ya mzigo, wewe ukasingizia kukwepa.

#32 Mvuta Tela wa Goba

Hapana shemeji. Mzigo unafanya litulie haraka, lakini hauondoi kuchelewa kwake. Kwenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi bado siviringishi usukani kwa ajili ya mpira. Kwa jiwe nitasimama, hata kama atakayekuwa nyuma atapiga honi.

#33 Mpira Mweusi

Na mimi bado nasema tairi. Prado yenyewe ina upepo gani nyuma? Ukiweka kilo 105 kwenye gololi, tairi za nyuma za gari nazo zinataka nyongeza kama kitabu kinavyosema. Hakuna aliyeuliza.

#34 Mama wa Kambi

#33, nimetazama zangu. Tarakimu za mwisho ni 4014. Nimekoma, nanunua mpya kabla hatujatoka tena. Kwa hiyo sasa sijui kama ilikuwa jenereta, tairi au lile lori. Nitabadilisha vyote viwili ninavyoweza.

#35 IST Nyeupe

Wakuu, naweza kuvuta katela kadogo kwa IST? Ka baiskeli na hema tu.

#36 Fundi wa Tabata

#35, fungua kitabu cha gari kwanza, kuna magari madogo ambayo mtengenezaji hajaruhusu kuvuta chochote. Likiruhusiwa kuvuta, tazama kiasi cha tela lisilo na breki. Baiskeli funga juu ya bodi, hema weka ndani, utafika.

#37 Dada wa Maili Moja

Mnaotoka kesho asubuhi: ukipita mizani ya Vigwaza kuelekea Chalinze, semi lililoharibika tangu jana limeondoka, mawe manne yamebaki, mawili upande wetu wa kwenda. Shemeji yangu amepita sasa hivi na bodaboda, amesukuma moja mtaroni, jingine limemshinda.

#38 Kijana wa Ilala

Mjomba natoka naye saa 12 asubuhi na tela. Tusimame tulitoe?

#39 Dereva Mstaafu

Msisimame pale na tela, bega ni jembamba na malori yanatoka mizani yakiwa yameanza kushika kasi. Ingieni mizani mwaambie walioko zamu, watafute watu wa kulitoa. Mkifika eneo lenyewe muwe kwenye 40, hazadi zikiwaka, mjomba aangalie upande wa kulia kabla ya kulipita.

#40 Mama wa Kambi

Mimi nisingesubiri mizani. Mtu mmoja akisimama mbali na bendera, mwingine alitoe. Lakini tela libaki kituoni.